Fungu la kumi, hiari au ahadi: ipi inakufaa wewe unayesubiri mshahara wa mwisho wa mwezi?

Hii ishu nikiigusa kwenye grupu la familia shangazi anatuma Malaki 3:8-10 (ile ya leteni zaka ghalani, asiyetoa anamwibia Mungu na amelaaniwa), anaweka alama tatu za moto, anatoka, na mjadala unakuwa umekwisha kabla haujaanza. Kwa hiyo naandika huku, nimetulia, mshahara haujatoka bado na sina hasira na mtu.

Swali linalonifikia sana ni la vijana walioanza kazi: nitoe fungu la kumi au nitoe kile moyo wangu unanituma? Wengi wakishauliza hivyo wanaongeza kimyakimya, eti nisipotoa nalaaniwa kweli? Hilo la pili ndo swali lenyewe, lile la kwanza ni la kuzugia tu.

Njia ziko tatu kwa jinsi ninavyoziona huku kwetu. Ya kwanza ni zaka kamili, asilimia kumi ya kila kinachoingia, haina mjadala, ukipunguza umemwibia Mungu. Makanisa mengi ya kiroho yanafundisha hivyo, Wasabato nao wanashika kumi, ila wao wana utaratibu wao, zaka haibaki kanisani pale mtaani, inapanda juu konferensi (ofisi ya kanisa ya eneo) inalipa watumishi, na kanisa la pale linajiendesha kwa sadaka. Njia ya pili ni hiari tupu, hakuna namba, Jumapili kapu likipita unatoa ulichokusudia. Ya tatu ni ahadi, unajipangia mwenyewe kiwango mwanzo wa mwaka au mwezi na unakifuata, kama zile bahasha za namba za Walutheri. Wakatoliki nao wapo karibu na hapa, Sheria ya Kanisa kanuni ya 222 inawadai waumini wasaidie mahitaji ya kanisa lakini haitaji asilimia yoyote, kwa hiyo zaka ya jumuiya unakuta ni kiasi mlichokubaliana.

Sasa tuzipime.

Kwenye Andiko

Hapa ndo nilipopata mshtuko, maana nimekaa kanisani miaka yote nikiamini nalijua hili somo na sikuwahi kusoma Kumbukumbu la Torati 14 mstari wa 22 mpaka 29 kwa macho yangu mwenyewe. Kasome. Imeandikwa fungu la kumi la nafaka, divai na mafuta unalibeba unakwenda nalo mahali Mungu alipochagua, halafu UNALILA, wewe na nyumba yako, mbele za Bwana. Na kama ni mbali unauza, unafunga hela mkononi, ukifika unanunua chochote roho yako inachotamani, ng'ombe, kondoo, divai, hata kileo, mnakula mnafurahi na yule Mlawi wa kwenu (wa kabila la watumishi wa hekalu) msimsahau. Kisha kila mwaka wa tatu fungu lile linawekwa pale pale kijijini, wanakuja Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wanakula wanashiba. Mimi hiyo ibada ya mwaka wa tatu sijawahi kuiona popote.

Ukienda Hesabu 18 unakuta fungu lingine la Walawi, kwa sababu wao hawakupewa ardhi, na Walawi nao wanatoa kumi ya ile kumi kwa makuhani. Ukijumlisha yote kwa Muisraeli mkulima inavuka asilimia kumi, wengine wanapata zaidi ya ishirini kutegemea unavyohesabu. Lakini ni mazao na mifugo. Walawi 27:32 inasema mnyama wa kumi anayepita chini ya fimbo ndiye wa Bwana, kwa hiyo ukisoma ilivyoandikwa mtu mwenye mbuzi tisa hapo hadaiwi kitu. Na usiniambie hela zilikuwa hazijakuwepo, mbona ile Kumbukumbu inataja kuuza na kununua. Hela ilikuwepo, ila sheria yenyewe ilishika shamba na zizi.

Watu wa njia ya kwanza wana majibu, na mengine si ya kubeza. Watasema Abrahamu alitoa kabla ya Torati. Kweli, Mwanzo 14, alimpa kuhani Melkizedeki fungu la kumi, lakini zilikuwa nyara za vita, imeandikwa mara moja tu, na zile nyara nyingine alikataa kubaki nazo hata uzi au gidamu ya kiatu. Halafu tohara nayo ni kabla ya Torati, Mwanzo 17, na tunajua Paulo alivyowakataza Wagalatia kuirudisha. Watasema Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 23:23 aliwaambia Mafarisayo wanaotoa zaka ya mnanaa na bizari na jira kwamba wafanye adili na rehema, na hiyo zaka nayo wasiiache. Hili lina uzito kidogo kwangu. Ila alikuwa anaongea na Mafarisayo, hekalu bado limesimama, na kilichomkera ni kwamba wanahesabu majani ya mboga huku adili na rehema wameziacha.

Na Malaki kwenyewe, jamani, tuanzie juu kidogo. Mstari wa 5, kabla hatujafika kwenye ghala, Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya wanaomwonea mwajiriwa kwenye mshahara wake, na mjane, na yatima. Sijasikia mahubiri ya mstari wa 5 Jumapili ya zaka. Nimewahi kumsikia mzee mmoja tajiri akishuhudia madirisha ya mbinguni yalivyofunguka na dada wa kazi kwake ana miezi miwili hajalipwa, tunajua maana anakopa unga kwa jirani.

Njia ya pili Andiko lake ni fupi, 2 Wakorintho 9:7, Paulo anasema kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima, maana Mungu anapenda anayetoa kwa moyo mkunjufu. Na kule Yerusalemu, Matendo 15, mitume walipokaa kuamua Mataifa (wasio Wayahudi) wabebeshwe nini waliandika barua yenye vitu vinne na zaka haimo. Wakristo wa mwanzo nao walienda hivyo, Justino Mfiadini karne ya pili anaeleza kwamba wenye nacho wanatoa kila mtu anavyoona vema, kinawekwa kwa kiongozi, naye anawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Asilimia kuwa lazima ya kanisa ilikuja baadaye sana, mwaka 585 mtaguso (kikao cha maaskofu) wa Mâcon kule Ufaransa ya sasa uliweka tishio la kutengwa kwa asiyetoa, mfalme Charlemagne akaifanya sheria ya dola mwaka 779, na ikageuka kodi hasa, wakulima wakaichukia, Wafaransa wakaifuta mwaka 1789 na Uingereza masalia yake yakaondolewa kwa sheria ya mwaka 1936. Kwa hiyo mtu akikwambia kanisa limetoza kumi tangu mitume, mwambie taratibu mzee hapana.

Njia ya tatu inasimama kwenye 1 Wakorintho 16:2, ambayo watu wa hiari huwa wanairuka. Siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba kwake, kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Hapo kuna siku, kuna kuweka pembeni, kuna kadiri. Kwa hiyo Paulo huyo huyo wa moyo mkunjufu alitaka upange, hakutaka ukumbuke kapu likiwa limeshafika kiti cha mbele yako.

Kwa Andiko tu basi, mimi naona njia ya kwanza ndo dhaifu kuliko zote. Najua shangazi akisoma hapa nimekwisha.

Kwenye mfuko

Chukua mtu wa mshahara wa laki nane kampuni binafsi hapa Tanzania. NSSF asilimia 10 inakata 80,000. Kodi ya mshahara kwenye ile 720,000 iliyobaki inakuja 60,000. Kama alisoma kwa mkopo wa bodi inakatwa 15 kwa mia, 120,000 nyingine. Mkononi inafika 540,000. Zaka ya mshahara wote ni 80,000, zaka ya kilichofika ni 54,000. Tofauti ni 26,000, yaani gesi ya mtungi mdogo, na hapo watu wanagombana kweli kweli, mmoja anakwambia malimbuko ni kabla ya makato, mwingine anakuuliza Kaisari kwanza au Mungu kwanza. Akitoa ile 80,000 kwenye 540,000 aliyoishika anakuwa anatoa karibu asilimia 15 na bado anaambiwa hiyo ni zaka tu, sadaka, shukrani na ujenzi havijaanza. Na ile NSSF akija kuchukua uzeeni ataambiwa aitolee tena?

Mbaya zaidi ni kwa wenye biashara ndogo. Kuna mama namfahamu anauza vitumbua na chai, siku nzuri anauza 30,000, unga wa mchele, nazi, mafuta na mkaa vinakula 22,000, mkononi inabaki nane. Alikuwa anatoa kumi ya MAUZO kwa sababu ndivyo alivyoelewa, kila siku anatenga 3,000 kwenye kopo la maziwa ya unga lililofungwa na raba. Elfu tatu kwenye elfu nane ni asilimia 37 na nusu! Mtaji ukawa unapungua kila wiki na yeye anaongeza kufunga na kuomba akidhani kuna roho inamfuata, kumbe ni hesabu. Hakuna aliyemkalisha chini amwelekeze, na waliokuwa wanapokea bahasha yake walikuwa wanaijua biashara yake vizuri, vitumbua walikuwa wanakula.

Upande wa pili kuna anayebaki na milioni tano kila mwezi. Akitoa laki tano anabaki na nne na nusu, hakuna kilichobadilika kwake, mafuta ya gari ni yale yale. Mwenye laki mbili akitoa ishirini anabaki na laki na themanini na hapo ameshapunguza nyama. Asilimia ni ile ile, maumivu hayafanani. John Wesley yule wa Wamethodisti alisimulia kwenye mahubiri yake habari ya mtu (wengi wanaamini alijisemea mwenyewe) aliyepata pauni 30 kwa mwaka akatumia 28 akatoa 2, mwaka wa pili akapata 60 akaishi kwa zile zile 28 akatoa 32, wa tatu 90 akatoa 62. Huyo kiwango chake cha kuishi kiligoma kupanda. Kwa watu wa kipato kikubwa hii ndo hesabu ya kuwapelekea, kumi kwao ni kujificha.

Hiari nayo kwenye mfuko ina ugonjwa wake na sitauficha. Nilipoacha zaka miaka ile nikasema sasa mimi ni mtu wa neema, natoa kwa furaha. Baada ya miezi mitano nikafungua miamala ya simu nikajumlisha kila nilichotoa kanisani, kwa wahitaji, kwa nani, nikapata 31,000. Miezi mitano! Vifurushi vya bando peke yake vilikuwa vimeshapita laki. Moyo wangu ulikuwa mkunjufu sana kwa kweli, ila mkono ulikuwa umefungwa. Na sikuwa nimekusudia kuwa bahili, nilikuwa sijapanga tu, na hela isiyopangwa unaijua inavyoyeyuka.

Ahadi inapona hapo kwa sababu namba unaiandika kabla hela haijaja. Ugonjwa wake ni aibu. Ukiahidi laki sita kwa mwaka na kazi ikaisha Mei, zile bahasha kumi na mbili zinaanza kukutazama. Kuna sehemu wanasoma majina ya waliokamilisha na wasiokamilisha, mtu anaamua Jumapili ile asije. Ila kuna kitu nakipenda makanisa ya kule Kilimanjaro na kwingine, asiye na hela analeta alichonacho, mayai, ndizi mkungu, kuku amefungwa miguu, na ibada ikiisha kunapigwa mnada pale nje, yai linauzwa bei ambayo duka lolote lingecheka, watu wanapandishiana bei huku wanachekana na aliyeleta yule kuku anaona alichotoa kimekuwa kikubwa kuliko alivyofikiri. Hapo sijawahi kuona mtu amenuna.

Kinachotokea ukishatoa

Hapa nitakuwa mkali kidogo mnisamehe. Njia ya kwanza ikihubiriwa vibaya inamzaa "alaye". Malaki 3:11 inasema Mungu atamkemea yeye alaye, ni habari ya wadudu wa mashamba hiyo, lakini huku mtaani alaye ni gari kuharibika, mtoto kuugua, simu kuibiwa. Ukitoa na mtoto akaugua unaambiwa hukutoa kamili, ukitoa kamili unaambiwa ulitoa kwa kunung'unika. Hakuna mlango wa kutokea humo.

Mama yangu ni mgonjwa wa presha. Mwaka mmoja nimefika nyumbani nakuta vidonge vimeisha siku tisa, nikamuuliza mama mbona hukusema, akanyamaza, akafungua pindo la khanga akaniambia, "Mwanangu, ya Mungu niliitoa kwanza, nikajua ya dawa itakuja." Sikumjibu. Nilitoka nikaenda duka la dawa na njiani nikawa nakumbuka Marko 7, Yesu anawaambia wale waliosema mali hii ni Korbani, imewekwa wakfu, kwa hiyo baba na mama sitawasaidia nayo, kwamba wamelitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Mama alikuwa amejifanyia Korbani mwenyewe. Na 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza walio wake ameikana imani, mbaya kuliko asiyeamini, maneno makali kuliko chochote alichosema Paulo kuhusu kapu.

Lakini tusije tukamgeuza kila mchungaji mwizi. Nehemia 13:10 Walawi walinyimwa mafungu yao wakakimbia kila mtu shambani kwake, na leo tuna wachungaji wanaendesha bodaboda Jumatatu mpaka Ijumaa na Jumamosi usiku ndo wanaandaa neno, halafu sisi tuliosoma mistari ya neema tunawalaumu mahubiri hayana kina. Kodi ya nyumba yake nani analipa? Ukichagua hiari, jibu hilo swali kwanza. Mtenda kazi anastahili ujira wake, hiyo iko Agano Jipya na haina pa kuikwepa.

Jambo la kuangalia kwenye njia zote tatu ni nani anashika hela na nani anaona hesabu. Paulo alipokuwa anapeleka mchango wa Yerusalemu hakubeba peke yake, 2 Wakorintho 8 anasema walimchagua ndugu asafiri nao, wakijiepusha mtu asije akawalaumu kwa karama ile. Mtume kabisa! Kanisa lako kama mapato na matumizi yanasomwa mbele za watu, tena na waliopewa msaada wanahesabiwa hata bila majina, toa kwa njia yoyote unayotaka utalala vizuri. Kama lipa namba imesajiliwa kwa jina la mtu mmoja na ukiuliza unaitwa mwasi, basi shida yako si asilimia.

Sasa wewe uko wapi

Kama una mshahara unaoeleweka, huna deni la kukukaba na kumi unaitoa bila kutetemeka, endelea na kumi, sina neno. Namba nyepesi, mkono unazoea, na nawajua watu ambao bila hiyo kumi wasingemsaidia hata mbwa. Ila itoe kama mtu aliyeamua, na ukikosa mwezi mmoja usiende kukopa kwenye simu ili ulipe Mungu na riba. Nimeona watu wanafanya.

Kama unadaiwa, au unauza vitumbua, au una mgonjwa ndani, chukua ahadi na uiandike ndogo. Piga kwenye faida, sio mauzo. Asilimia tatu iliyopangwa ni bora kuliko kumi inayokula mtaji, na 2 Wakorintho 8:12 ipo upande wako, hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Kama unabaki na mamilioni, achana na kumi, hiyo ulishaimaliza zamani, kaa na hesabu ya Wesley uone kama utalala.

Hiari tupu namshauri mtu mmoja tu, yule aliyetoka kwenye kanisa lililomtisha kiasi kwamba akiona bahasha tumbo linamkata. Huyo apumzike. Atoe anapoguswa, asiandike, asihesabu, mwaka mzima ikibidi, mpaka siku atoe kitu na asijisikie kama amelipa faini. Baada ya hapo aje kwenye ahadi, maana mimi hiari ilinishinda na sidhani niko peke yangu.

Mwaka huu mimi nimejipangia 60,000 kwa mwezi. 25,000 inaenda kanisani kwenye bahasha namba 114, 15,000 ni ya mzee mmoja jirani anayelea wajukuu wawili, na 20,000 naikusanya, kila baada ya miezi mitatu tunapika pilau nyingi na watu wa jumuiya, anakuja anayekuja, nikiwaambia hii ndo ile ya Kumbukumbu 14 wanadhani natania. Dawa za mama hazimo kwenye hiyo sitini. Hizo nanunua tarehe ile ile mshahara ukitoka, kabla sijaigusa bahasha, na mama bado ananiuliza kila mwezi kama ya Mungu nimeshatoa.